Alizeti, mawese, nazi, samli au zeituni: kuchagua mafuta ya jiko la kila siku

Anayetafuta mafuta ya kupikia Dar es Salaam hakosi cha kuchagua. Kariakoo atakuta madumu ya lita 20 yaliyoandikwa "mafuta ya kupikia" bila maelezo mengi, chupa za alizeti kutoka Singida na Dodoma, mawese mekundu ya Kigoma, makopo ya samli, na akiingia kwenye maduka makubwa ya Masaki au Mlimani City atakuta zeituni katika chupa ndogo ambazo bei yake humfanya mtu airudishe chupa kwenye rafu. Ushauri nao ni mwingi: huyu anasema alizeti ndiyo afya, yule anasema nazi hutibu kila kitu, na mwingine ametoka hospitali akiwa ameelewa kwamba aache mafuta kabisa. Makala haya yanayapima mafuta hayo kwa vigezo vilevile, ili anayepikia familia aamue kwa kuangalia anavyopika, mfuko wake na afya ya wanaokula sahani yake.

Vigezo vya kulinganisha

Jambo la kwanza la kuweka sawa ni kwamba hakuna mafuta "mepesi". Gramu moja ya mafuta yoyote, ya alizeti au ya ng'ombe, ina kilokalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya maji kina takriban kilokalori 120. Anayetaka kupunguza uzito hatapungua kwa kubadilisha chupa huku akiendelea kumimina kiasi kilekile.

Tofauti ya kiafya iko kwenye aina ya mafuta yaliyomo, na hicho ndicho kigezo changu cha kwanza. Mafuta yaliyoshiba, ambayo yamo kwa wingi kwenye mafuta ya wanyama, nazi na mawese, hupandisha lehemu mbaya, yaani ile kolesteroli inayojikusanya kwenye kuta za mishipa ya damu. Mafuta yasiyoshiba yakichukua nafasi yake, lehemu hiyo hushuka. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yote kwa jumla yasizidi asilimia 30 ya nishati ya siku, mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10, na mafuta ya transi, ambayo nitayaeleza kwenye sehemu ya samli, yasizidi asilimia 1. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku, kikomo cha mafuta yaliyoshiba ni takriban gramu 22.

Namba hiyo inaeleweka vizuri zaidi ikipelekwa jikoni. Tuchukue familia ya watu watano inayomaliza lita moja ya mafuta kwa wiki, jambo la kawaida katika nyumba inayounga mboga kila siku na kukaanga samaki au maandazi mara mojamoja. Kila mtu anapata wastani wa gramu 26 za mafuta kwa siku. Ikiwa lita hiyo ni ya alizeti, mafuta yaliyoshiba ndani yake ni kama gramu 3 kwa mtu. Ikiwa ni mawese yaliyosafishwa, ni kama gramu 11, nusu ya kikomo cha siku. Ikiwa ni samli, ni kama gramu 16. Ikiwa ni mafuta ya nazi, ni gramu 22, yaani kikomo chote kimekwisha kabla mtu hajagusa nyama, maziwa wala sambusa ya jioni. Mafuta yanayobeba uzito, basi, ni yale ambayo mkono huyamimina kila siku bila kupima. Kijiko cha samli kwenye pilau ya Idi au ya Krismasi hakiwezi kulinganishwa nayo.

Kigezo cha pili ni moto. Mafuta ya kukaangia maandazi au samaki hufika nyuzi joto 180 hivi, na yasiyohimili joto hilo hutoa moshi, huchacha ladha na kuzalisha kemikali zisizofaa mwilini. Kuunga vitunguu na nyanya ni kazi nyepesi zaidi, kwa sababu maji ya nyanya huzuia joto lisipande sana. Kigezo cha tatu ni ladha, kwa kuwa chakula ambacho familia haikili hakimjengi mtu. Cha nne ni bei, upatikanaji na jinsi mafuta yanavyokaa katika joto na mwanga wa jiji hili.

Kuna vitu viwili ambavyo watu hutumia kama vigezo na ambavyo nashauri viachwe. Kimoja ni maandishi "haina kolesteroli" kwenye chupa. Mafuta ya mimea kwa asili hayana kolesteroli ya kutajika, hata ya nazi, kwa hiyo maandishi hayo hayakuelezi chochote kuhusu kitakachotokea kwenye damu yako. Kingine ni kuangalia kama mafuta yanaganda. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hadi 25, na Dar es Salaam ni nadra kushuka chini ya hapo ndani ya nyumba, ndiyo maana huku yanabaki maji na Mbeya au Iringa huganda chupani. Mafuta ni yaleyale. Kilichobadilika ni hali ya hewa.

Mafuta ya alizeti

Alizeti ina mafuta yaliyoshiba kidogo kuliko yote yanayopatikana kwa urahisi hapa mjini, takriban asilimia 11. Sehemu kubwa ya yaliyobaki ni omega 6, aina mojawapo ya mafuta yasiyoshiba, na ina vitamini E kwa wingi. Kumekuwa na maneno kwamba omega 6 huwasha uvimbe mwilini, yaani hali ya mwili kujibu kama vile una jeraha la ndani. Tafiti zilizowapa watu wenye afya mafuta ya aina hii na kuwapima damu hazikuonyesha kupanda kwa dalili za uvimbe, na kubadilisha mafuta yaliyoshiba kwa haya hushusha lehemu mbaya. Sioni sababu ya kuyaogopa.

Kwenye moto, ni lazima kutofautisha alizeti za aina mbili. Iliyosafishwa kiwandani, yenye rangi hafifu na isiyo na harufu, huhimili zaidi ya nyuzi joto 220 na inafaa kukaangia. Ile ya kukamuliwa kwenye mashine ndogo, ambayo abiria wa mabasi ya Singida na Dodoma huja nayo kwenye madumu ya njano, ina harufu nzuri ya mbegu na ladha inayopendeza kwenye mchicha na maharage, lakini hutoa moshi mapema zaidi. Dumu la namna hiyo likikaa siku chache utaona mashapo yamejikusanya chini kama ukungu wa kahawia: ni mabaki ya mashudu, na hayo ndiyo huungua chini ya karai na kufanya maandazi yawe na madoa meusi na uchungu. Dumu liachwe litulie, mafuta ya juu yamiminwe taratibu kwenye chupa safi kupitia kitambaa, na mashapo yabaki.

Udhaifu wa alizeti ni kwamba mafuta yasiyoshiba kwa wingi huharibika haraka kwa mwanga, hewa na joto la kurudiarudia. Chupa zinazopangwa juani kando ya barabara huonekana za kupendeza lakini zimeanza kuzeeka kabla hazijafika nyumbani. Nunua kiasi kitakachoisha ndani ya mwezi au miezi miwili, funga vizuri na uweke kabatini mbali na jiko. Bei yake kwa kawaida iko juu ya mafuta ya kupima ya dukani, na hupanda zaidi msimu wa mavuno unapokuwa mbali.

Yanamfaa anayepika kila siku kwa kuunga, mwenye lehemu iliyopanda, na mwenye historia ya ugonjwa wa moyo katika ukoo.

Mafuta ya mawese

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi wa Dar es Salaam wanakula mawese bila kujua. Mafuta yale ya dhahabu yanayopimwa kwa robo lita kwenye duka la Mangi, na mengi ya yale yanayouzwa kwa jina la "mafuta ya mimea", ni mawese yaliyosafishwa. Soma maandishi madogo nyuma ya dumu. Ukiwa na jokofu, weka kiasi kidogo kwenye glasi usiku mmoja: mawese huwa mazito na kufanya weupe, wakati alizeti ya kiwandani hubaki maji. Jaribio hili la nyumbani halitoshi kuwa ushahidi wa maabara, lakini humwonyesha mtu anachokula.

Mawese mekundu yana mafuta yaliyoshiba takriban asilimia 50. Yaliyosafishwa na kuchujwa ya maji yana kidogo pungufu ya hapo, zaidi ya asilimia 40. Hayafikii nazi wala samli, lakini ni mara nne ya alizeti, na yakiwa ndiyo mafuta pekee ya nyumba, yanaonekana kwenye vipimo. Majirani zetu wa Bahari ya Hindi, Morisi, wanatupa mfano mzuri. Mwaka 1987 serikali yao ilibadilisha mafuta ya kupikia yaliyokuwa yakitumiwa na wengi, kutoka yenye mawese kwa wingi kwenda ya soya. Watu walipopimwa tena mwaka 1992, wastani wa kolesteroli ulikuwa umeshuka kwa takriban milimoli 0.8 kwa lita, na watafiti waliona kwamba badiliko la mafuta lilikuwa na mchango mkubwa katika kushuka huko. 

Hata hivyo mawese yana haki yake. Yale mekundu ya Kigoma yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kwa kiasi ambacho mafuta mengine ya kupikia hayafikii. Kijiko kimoja kwenye uji au maharage ya mtoto ni chakula chenye thamani. Karotini hiyo hupotea yanaposafishwa, ingawa mafuta ya viwandani nchini, kwa kanuni za mwaka 2011, yanatakiwa kuongezewa vitamini A. Kwenye moto, mawese yaliyosafishwa ni hodari: hayaharibiki haraka kwenye karai, huacha chipsi na maandazi yakiwa makavu, na ndiyo maana wakaangaji wa mjini wanayapenda. Ladha ya yale mekundu ni ya kipekee. Waliolelewa na migebuka ya Ziwa Tanganyika hawaambiwi kitu, ila asiyeyazoea ataona yametawala chakula chote. Bei ya yaliyosafishwa ndiyo nafuu kuliko zote kwa kawaida, na yanapatikana kila mtaa.

Yanamfaa mwenye bajeti finyu ambaye anaweza kupunguza kiasi, anayekaanga kwa moto mkali mara chache, na, kwa upande wa mekundu, nyumba yenye watoto wadogo.

Nazi: tui na mafuta yake

Mimi ni mtu wa pwani na sitamshauri yeyote aache wali wa nazi. Lakini lazima tuseme ukweli kuhusu kilichomo. Mafuta ya nazi yana mafuta yaliyoshiba asilimia 82 hadi 90, zaidi ya samli na siagi. Madai kwamba nazi ni tofauti na hivyo haigusi lehemu hayajathibitishwa na vipimo: tafiti zilizolinganisha mafuta ya nazi na ya mimea kama alizeti na zeituni zimeonyesha lehemu mbaya ikipanda zaidi kwa nazi, na mwaka 2017 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri yasitumike kama mafuta ya kupikia. Lehemu nzuri, ile inayosaidia kuondoa kolesteroli kwenye mishipa, nayo hupanda, ila hilo halifuti ile mbaya.

Tui ni suala tofauti kidogo, kwa sababu tunalila kama kiungo chenye maji mengi. Nyama ya nazi moja ya wastani, kama gramu 400, ina mafuta gramu 130 hivi, karibu yote yakiwa yaliyoshiba. Ikunwe kwenye mbuzi, ikamuliwe, na tuchukulie nusu ya mafuta hayo imeingia kwenye tui na nusu imebaki kwenye machicha. Sufuria ya wali kwa watu sita itampa kila mmoja kama gramu 10 za mafuta yaliyoshiba. Hiyo ni karibu nusu ya kikomo cha siku, na inavumilika kama mchuzi unaoambatana nao haukukaangwa na haukutiwa nazi nyingine. Kosa la kawaida mezani kwetu ni kupanga pamoja wali wa nazi, maharage ya nazi na samaki wa kupaka, kisha mboga ikaungwa kwa mafuta juu yake. Chagua chungu kimoja kiwe cha nazi. Kwenye vingine tumia tui jepesi la mkamuo wa pili, au ndimu, nyanya na vitunguu saumu vifanye kazi.

Kwenye moto, mafuta ya nazi yasiyosafishwa huanza kutoa moshi kwenye nyuzi joto 175 hivi, hivyo hayapendezi kwenye karai la kukaangia. Hukaa muda mrefu bila kuharibika. Tui lenyewe halikai: lipikwe siku ileile, hasa katika joto la hapa. Nazi za Mafia na Mkuranga hazikosi sokoni, ingawa kwa hesabu ya gharama kwa gramu ya mafuta, mafuta ya nazi ya chupa ni ghali.

Yanamfaa anayependa chakula cha pwani mara mbili tatu kwa wiki na ambaye mafuta yake ya kila siku ni mengine. Aliyeambiwa na daktari kwamba lehemu yake iko juu ayaweke mbali zaidi.

Samli, siagi na mafuta ya mgando

Samli halisi ya ng'ombe ina mafuta yaliyoshiba zaidi ya asilimia 60, na ina kolesteroli yake yenyewe. Huhimili moto mkali, takriban nyuzi joto 250, na kwa kuwa maji na maziwa yametolewa, hukaa bila jokofu. Harufu yake ndiyo hazina: kijiko cha chai kikiyeyushwa juu ya pilau iliyokwisha kuiva, au kupakwa kwenye chapati inapotoka kikaangoni, husikika kuliko vijiko vitatu vilivyotumika kukaangia vitunguu mwanzoni. Anayeipenda aitumie mwishoni, si mwanzoni. Siagi ni ndugu yake, ila huungua mapema, karibu nyuzi joto 150.

Mafuta ya mgando ya kopo na "samli ya mimea" ni habari nyingine. Baadhi hutengenezwa kwa kuongezewa haidrojeni kwa sehemu, na njia hiyo ndiyo inayozaa mafuta ya transi, ambayo hupandisha lehemu mbaya na kushusha nzuri kwa pamoja. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa wito wa kuyaondoa kabisa kwenye chakula. Ukiona kwenye kifungashio neno la haidrojeni, rudisha kopo. Hapa sina upande wa pili wa kuusimamia.

Zeituni, na mengine machache

Zeituni ina mafuta yaliyoshiba takriban asilimia 14 na sehemu kubwa ya mafuta yake ni ya aina moja isiyoshiba ambayo ni tulivu kwenye moto wa wastani. Dhana kwamba haifai kabisa kupikia si kweli. Kuunga na kukaanga kwa mafuta kidogo kunawezekana. Kinachoizuia ni bei. Kuimimina kwenye karai la sambusa ni kuipoteza, lakini kijiko chake kwenye kachumbari au juu ya samaki wa kuchoma kina maana. Ikilinganishwa na alizeti katika suala la lehemu, tofauti si kubwa kiasi cha kumfanya mtu wa kipato cha kawaida ajisikie ameikosa afya.

Mafuta ya ufuta, zao la Lindi na Mtwara, yana mafuta yaliyoshiba kiasi hichohicho na harufu nzito, hutumika kidogo. Ya karanga yana asilimia 17 hivi na yanakaangia vizuri, ila yanunuliwe yaliyosafishwa na yenye nembo ya TBS, kwa sababu karanga zilizohifadhiwa vibaya huota kuvu yenye sumukuvu.

Uchague nini kwa hali yako

Kama nyumba yako inaunga mboga kila siku na kukaanga mara moja moja, alizeti iliyosafishwa itakutosha kwa kazi zote mbili, na samli au nazi ikabaki kwa ladha. Kama bei yake inakushinda, usijilaumu kwa kununua mawese ya kupima. Nenda na chupa yako safi, na upime kwa kijiko badala ya kumimina kutoka shingoni mwa chupa. Vijiko viwili vya chakula vinatosha kuunga mboga ya watu watano. Familia inayotumia nusu lita ya mawese kwa wiki inapata mafuta yaliyoshiba kidogo kuliko inayotumia lita nzima ya mawese hayohayo, na imeokoa fedha.

Kama kuna mtu nyumbani mwenye lehemu ya juu, kisukari au aliyewahi kupata kiharusi, badilisha mafuta ya sufuria nzima badala ya kumpikia yeye peke yake. Alizeti, au zeituni kwa anayeimudu, na nazi iwe ya siku maalumu. Badiliko hilo halichukui nafasi ya dawa alizoandikiwa, na chumvi inabaki kuwa jambo la kuangaliwa kivyake kwa mwenye shinikizo la damu.

Kama una mtoto kati ya miezi sita na miaka miwili, usimnyime mafuta. Tumbo lake ni dogo na anahitaji nishati nyingi, na vitamini A, D, E na K haziingii mwilini vizuri bila mafuta. Kijiko cha chai cha mawese mekundu au cha alizeti kwenye uji au kwenye mchicha uliopondwa kinamsaidia. Mzee aliyepungua uzito naye anastahili huruma hiyohiyo.

Kama unakaanga karibu kila siku, iwe kwa familia kubwa au kwa biashara ya maandazi na samaki, mawese yaliyosafishwa yatastahimili karai kuliko alizeti, lakini anayekula vya kukaanga kila siku anameza mafuta mengi hata chupa iwe nzuri kiasi gani, na hapo ni bora kuongeza siku za kuchoma, kuchemsha na kupaka. Yachuje mafuta yakipoa, yafunike, na usiongeze mapya juu ya ya zamani. Yakishakuwa meusi, yakitoa povu lisilotulia, yakinata kwenye vidole au yakitoa moshi kabla kitu hakijaingia, yamekwisha. Na usinunue mafuta yaliyokwisha kukaangia kwa mtu mwingine, hata yakiwa ya bei ya chini namna gani, kwa kuwa huwezi kujua yamepita kwenye moto mara ngapi.